Sehemu ya 14: Mama aliyemlisha mtoto kebab saa tano usiku

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na upungufu wa damu kwa watoto, na wengi mmeniandikia mkiuliza chakula gani kinaongeza damu. Nitawajibu. Ila leo nataka nipitie kwenye duka moja la kebab hapa London, maana pale ndipo nilipogundua kwamba mimi, nesi mzima na stashahada yangu, nilikuwa nimempa mama mmoja ushauri ambao asingeweza kuufuata hata angetaka.

Tuelewane neno kwanza. Kwetu ukisema kababu, mtu anawaza zile za nyama ya kusaga zinazouzwa jioni na kachumbari. Hapa kebab ni kitu kingine. Kuna döner, nyama iliyopangwa na kukandamizwa kwenye chuma kirefu, inasimama wima na kuzunguka mbele ya moto, na muuzaji anakata zile za nje zilizoiva kwa kisu kirefu. Neno lenyewe ni la Kituruki na linahusu huko kuzunguka. Halafu kuna shish, ambayo ukiiona tu utasema, hii si mishkaki? Ndiyo, ni mishkaki. Maduka haya hapa London yalifunguliwa sana na Waturuki wa Cyprus, wakaja Waturuki na Wakurdi kutoka Uturuki yenyewe. Pita Green Lanes au Dalston jioni, ule moshi wa mkaa utakurudisha Magomeni bila nauli.

Duka ninalolisema mimi halimo kwenye yale maarufu. Liko kona, mashariki mwa jiji, limebanwa kati ya duka la kufulia nguo na fundi simu. Meza nne, taa nyeupe kali kama za chumba cha upasuaji, televisheni isiyo na sauti. Nililifahamu kwa sababu ya njaa.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipanga chumba kwenye nyumba ya watu sita. Kodi ilikuwa inakula karibu nusu ya mshahara, na nusu iliyobaki ilikuwa na wenyewe Morogoro, kwa mama yangu na mwanangu. Kwenye friji ya nyumba ile kulikuwa na karatasi ya masharti. Sharti la tatu: mwisho wa kupika ni saa nne usiku. Sasa zamu ndefu ya hospitali inaanza saa moja na nusu asubuhi inaisha saa mbili usiku. Hiyo ni kwa karatasi. Ukishakabidhi wagonjwa, ukamaliza kuandika, ukambadilisha mtoto wa mwisho aliyetapika wakati umeshavaa koti, unatoka saa tatu. Mabasi mawili. Nafika nyumbani saa nne imeshapita. Usiku mmoja nilijaribu kuchemsha yai. Mwenye nyumba akashuka na ndala zake, akazima jiko yai likiwa halijaiva, akaniaga usiku mwema kwa adabu kabisa.

Nililia kidogo, msinicheke. Kisha nikatoka kutafuta chakula.

Kwenye jiji hili mkate baridi wa stesheni wenye kipande cha kuku unaweza kufika pauni 5, na saa zile wenye mikahawa wameshapandisha viti juu ya meza. Halafu si kila duka linaruhusiwa kuwa wazi. Hapa ukitaka kuuza chakula cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri lazima uwe na leseni ya manispaa, na majirani wana haki ya kupinga. Hilo duka la kona lilikuwa nayo. Nikaingia. Mzee wa pale akaniangalia, akaona viatu vyangu vya wodini, akasema "abla, kaa." Abla ni dada mkubwa kwa lugha yao. Sijawahi kuitwa dada na mtu yeyote hapa London kabla ya usiku ule. Akaniletea supu ya adesi, zile dengu ndogo nyekundu, na mkate wa moto na kipande cha ndimu ya njano. Pauni 3 na nusu, wakati ule.

Nikawa wa pale. Siku za zamu ndefu supu, siku ya mshahara mishkaki ya kuku na wali. Wateja ni walewale: madereva wa mabasi, wafanya usafi wa maofisini, vijana wa kupeleka chakula kwa baiskeli, na mwisho wa wiki walevi wanaotaka döner na kuimba. Mama alikuwa ananipigia asubuhi, "Umekula jana?" Nilikuwa namwambia nimepika ugali na mchicha. Nesi anayefundisha lishe anamdanganya mama yake kuhusu chakula. Tuendelee.

Sasa mtoto. Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike, na msinitumie ujumbe wa kuuliza ni nani. Ni mvulana ambaye hajafika miaka mitatu, aliletwa wodini kwetu kwa sababu ya kifua. Kifua kilipona, lakini kipimo cha damu kilionyesha damu iko chini na madini ya chuma yako chini sana. Mtoto mweupe kwenye kope na ulimi, mchovu, anataka kubebwa tu. Tulipouliza anakula nini, mama akasema maziwa. Chupa nne, tano kwa siku, maziwa ya ng'ombe.

Hapa nisimame kidogo, maana hili naliona sana hata nyumbani. Maziwa ni mazuri, lakini yana chuma kidogo mno, na mtoto aliyejaa maziwa hana nafasi ya chakula. Akishapita mwaka mmoja, ukiona anapita nusu lita kwa siku, anza kupunguza, na ahamie kwenye kikombe badala ya chupa.

Mama yule tuligundua wote tunaongea Kiswahili, chake cha upande mwingine na changu cha Tanzania. Nilifurahi! Siku ya kuruhusiwa nikamkalisha, nikafunga pazia, nikamweleza vizuri kwa lugha yetu bila mkalimani. Dawa ya chuma mara moja kwa siku. Punguza maziwa. Mpikie maharage, dengu, nyama, mboga za majani. Acha vyakula vya dukani vya mafuta na chumvi. "Ukipika nyumbani mwenyewe ndiyo unajua mtoto amekula nini." Nikampa na karatasi ya mapishi. Yeye akaitikia kila kitu, "sawa dada, ndiyo dada." Nikaandika kwenye faili: mama ameelewa. Nikaenda chai nikijisikia nesi bora wa wodi.

Baada ya wiki tano hivi naingia pale kwenye supu yangu, saa tano kasoro usiku. Meza ya mwisho, karibu na friji ya soda, yuko yule mama. Kavaa aproni ya kazi ya usafi chini ya koti. Mtoto kwenye kigari, macho makavu kabisa, mbele yake boksi la chipsi na döner, na chupa ya maziwa.

Nitawaambia nilichowaza, kwa sababu nimeahidi kwenye mfululizo huu sitajipamba. Niliwaza: yaani huyu. Nimehangaika naye dakika arobaini kwa Kiswahili, na saa hizi za usiku, mtoto hajalala, anampa haya. Nilikasirika. Kazi yetu ina utaratibu kwamba ukimkuta mgonjwa mtaani hujifanyi unamjua mpaka yeye akusalimie, kwa hiyo nikageuka upande wa dirisha, nikamhukumu vizuri nikiwa nimempa mgongo.

Yeye ndiye aliyenisalimia. "Dada nesi." Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa umelifunika lile boksi. Umelifunika, kama mtoto wa shule anavyofunika daftari mwalimu akipita.

Nikasogea, nikakaa. Nikauliza kijana anaendeleaje, dawa je, kile kipimo cha kurudia kilisemaje. Akanyamaza. Kumbe hawakwenda. Miadi ilishapita wiki mbili. Na dawa alishaacha, kwa sababu choo cha mtoto kilikuwa cheusi kama lami akajua ninamuua. Nikamuuliza mbona hukupiga simu wodini? Akasema, "Niliogopa mtaniuliza anakula nini."

Mama zangu, nimeshawahi kugombezwa na madaktari, na ndugu wa wagonjwa wameshanifokea korido nzima ikisikia. Hakuna iliyonikaa kama hiyo.

Nikamuuliza polepole, sasa nyumbani mnapika nini? Akacheka kidogo. "Dada, nyumbani wapi? Sisi tuko hoteli."

Alikuwa amepoteza nyumba ya kupanga, manispaa ikawaweka kwenye chumba cha hoteli kwa muda. Chumba kimoja, kitanda kimoja, yeye na mtoto. Hakuna jiko. Hakuna friji, maziwa anayaweka nje ya dirisha wakati wa baridi. Kuna jagi la umeme la kuchemshia maji, na kupika chumbani ni marufuku, wakihisi harufu wanaandikiwa onyo. Anafanya usafi maofisini jioni, jirani wa chumba cha pili anamshikia mtoto, akitoka kazini anamchukua wanakuja hapa, kwa sababu hapa ni joto, wanafungua, na kwa pauni 5 wanakula wawili. Karatasi yangu ya mapishi anayo. Ameikunja ndani ya pasipoti.

Na sikuwahi kumuuliza. Hilo ndilo. Mimi niliyezimiwa jiko na yai langu, mimi ninayeishi kwa supu ya duka hilohilo, sikuwahi kufikiria kumuuliza mama swali la maneno matatu: una jiko nyumbani?

Usiku ule tulifanya yale tuliyopaswa kufanya wodini. Nikamweleza kwamba dawa ya chuma inafanya choo kiwe cheusi na haina ubaya wowote. Hatari ni choo cheusi kwa mtoto ambaye hatumii dawa hiyo, huyo mwahishe hospitali. Choo kikiwa kigumu, rudi tuongee, usiache dawa kimyakimya. Tena hata damu ikipanda, dawa huwa inaendelea miezi kama mitatu ili akiba ya chuma mwilini ijae, kwa hiyo kuacha katikati ni kurudi ulikotoka. Impe na maji ya machungwa, usiipe na maziwa wala chai.

Halafu tukaangalia ubao wa bei pamoja, kama wanafunzi wawili. Na kumbe pale ukutani kulikuwa na dawa zaidi ya zilizokuwa kwenye karatasi yangu. Supu ya adesi ina chuma. Ile ndimu wanayoiweka pembeni, ambayo mimi kwa mwaka mzima nilidhani ni pambo, vitamini C yake inausaidia mwili kunyonya chuma cha kwenye dengu. Mabibi wa Kituruki sijui nani aliwaambia, lakini wako sahihi. Kamua yote. Mishkaki ya kuku au ya kondoo ya mkaa ni nyama unayoiona, wakati döner mara nyingi imesagwa na kuchanganywa na mafuta na chumvi. Chumvi ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi: hapa Uingereza mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anashauriwa asizidi gramu 2 kwa siku nzima, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai. Chipsi zilizonyunyiziwa na nyama ya namna ile vinaimaliza haraka sana, bado hujahesabu mkate na mchuzi.

Nikamwita mzee. Nikamwomba, kaka (abi, kwa lugha yao), mtoto huyu akija mpe supu nusu bakuli, mishkaki mmoja mdogo uliokatwakatwa, saladi, mchuzi weka pembeni. Yeye hata hakuuliza kwa nini. Akaangalia kigari akasema na mimi nina wajukuu. Ile nusu bakuli hakuwa anaitoza, nilikuja kuambiwa baadaye. Sitajifanya mtoto aliipenda supu siku ya kwanza. Aliitema kwenye koti langu. Siku ya nne, mama aliniambia, alianza kuilamba ile ndimu kwanza, anakunja uso, anacheka, ndiyo anakubali kijiko.

Nilipoingia kazini nilimwambia dada kiongozi wa wodi ukweli wote, pamoja na sehemu yangu. Tukawapangia miadi mpya ya damu. Akaja mtu wa ustawi wa jamii, na hapo nikajifunza jambo ambalo ninyi mlioko England mnapaswa kulijua: familia yenye watoto haitakiwi kuwekwa kwenye hoteli za namna hiyo, za kuchangia jiko au bafu au zisizo navyo, zaidi ya wiki 6. Yule mama alikuwa na mwezi wa nne. Hakujua kwamba kuna hesabu. Alidhani akilalamika watamtoa hata hapo. Kama uko kwenye hali hiyo, mwambie mhudumu wa afya anayekutembelea, au nesi wa kliniki, na uandike tarehe uliyoingia.

Na kwenye fomu yetu ya kuruhusu watoto, sisi wenyewe tuliongeza kwa kalamu, kabla ya sehemu ya lishe: jiko? friji? nani anapika? Msishangae mkikutana na nesi anayewauliza maswali ya umbea. Jibuni ukweli. Hata wewe uliyeko Mbagala kwenye chumba kimoja na jiko la mkaa nje mvua ikinyesha, ukiambiwa "mpikie mboga tatu tofauti," mwambie nesi jiko lako lilivyo. Mwache afikirie upya. Ndiyo kazi yake.

Mlioniuliza mambo ya kununua chakula nje usiku kwa ajili ya mtoto, nayasema kwa haraka. Nyama iwe ya moto inayotoa moshi na imeiva mpaka ndani. Duka lenye foleni ni afadhali kuliko lililo tupu, nyama haikai. Hapa England maduka ya chakula yanapewa alama ya usafi ya 0 hadi 5, mara nyingi imebandikwa mlangoni. Isipobandikwa, wanaruhusiwa, lakini iangalie kwenye simu kabla hujaagiza. Kilichobaki, kama huna friji, usikiweke mpaka asubuhi, hasa nyama na wali. Mama, najua kutupa chakula kunauma. Kitupe. Na chai ya rangi au ya maziwa na chakula, kwa mtoto mwenye damu ndogo, hapana. Najua nyumbani chai ndiyo chakula cha usiku kwa wengi, lakini chai inazuia chuma kisinyonywe. Mpe maji.

Kipimo cha kurudia kilikuwa kimepanda. Hakijafika tunapotaka, lakini kimepanda, na kijana aliingia kliniki akikimbia, mama yake nyuma akihema. Baadaye walipata nyumba mbali, upande wa pili wa jiji, mabasi mengi. Jiko lipo. Alinitumia picha ya sufuria, sufuria tu ya maharage juu ya moto, bila neno lolote.

Mimi pia nimehama. Jikoni kwangu sasa hakuna mtu wa kunizimia. Ila zamu ikinichelewesha bado napita pale kona, na mzee bado ananiuliza yule mtoto wa ndimu hajambo? Supu sasa imefika pauni 4 na nusu, naye ameandika bei mpya kwa karatasi ndogo kabisa, kama mtu anayeona aibu.

Wale mlioniuliza kuhusu dawa ya chuma ya maji kuweka madoa kwenye meno, nimeyaona maswali yenu. Hiyo ni sehemu ya 15, Jumapili nikitoka zamu.